Mtu wa Chini ya Msumeno

Kakoba, Mbarara
9 Februari 2003

Yaya Madeleine,

Bwana asifiwe, dada yangu. Mimi ni mzima, sijaumwa tangu Noeli, na suruali uliyonishonea sasa inanibana kiunoni, kwa hiyo usiseme tena kwamba mjini sili. Nakaa chumba kimoja na Meddy, kijana wa boda boda. Ni mtu mzuri, shida yake akioga lazima aimbe na nyimbo zenyewe hazijui. Semahoro wa lori la maharage anakuletea barua hii pamoja na chumvi, sabuni, na kitambaa cha kichwa cha binti yako Gisèle. Msalimu sana shemeji Grégoire.

Sasa shida yangu. Kuna mama anaitwa Topista, mke wa afande Herbert, wanakaa kambi ya jeshi. Mti wa zamani ulianguka kwa upepo kwenye shamba la baba yake karibu na Kabingo, mzeituni wa porini. Amelileta gogo hapa kwenye karakana yetu. Yaya, ule si mti, ni chuma! Tulikuwa wanaume sita kulishusha, na Bob, mbeba mbao mwenzangu, aliposukuma kipande kidogo kwenye pipa la maji kilizama kama jiwe. Lakini ndani ni rangi ya asali, na mistari myeusi inazungukazunguka. Anataka kabati lenye milango miwili. Ubao mmoja upasuliwe katikati kwa unene wake, halafu ufunguliwe kama unavyofungua Biblia, ili mistari ya kushoto itazamane na ya kulia. Alisema, "Fundi, mimi nataka mlango ukijiangalia kwa mwenzake ujione."

Mashine ya umeme ilikataa. Ilitoa moshi, msumeno ukaenda zake pembeni. Rwakabuba, mwenye karakana, akaniambia mbele ya wote: "Adolphe, ukitoa hiyo milango, ile meza ya dirishani ni yako, unakuwa fundi. Ukiharibu, unarudi kubeba mbao." Miaka minne nabeba mbao. Ile meza naitaka sana, siwezi kukuficha.

Unakumbuka milango ya kanisa letu kule Fizi? Papa na Kalume ndio walioipasua, na ilifunguka hivyohivyo, watu wakawa wanatoka mbali kuja kuitazama. Papa alifariki mimi niko shuleni Baraka, hakunifundisha kitu. Lakini Kalume alikuwa mtu wake wa chini ya msumeno miaka yote, na nasikia yuko huko kwenu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Wewe uliyekuwa unawapelekea chakula kwenye shimo la kupasulia mbao unamjua vizuri. Nakuomba umtafute, umuulize siri yake.

Mdogo wako,
Adolphe


Juru
2 Machi 2003

Kwa mudogo wangu Adolphe,

Nakusalimia sana. Sisi bote tuko bazima. Maharage yametoka vizuri ile upande wa chini, ya juu yameliwa na wadudu, lakini hatutalala njaa. Grégoire bamemuchagua shemasi, sasa anatembea polepole hata akienda chooni. Gisèle hataki kuvua kile kitambaa. Aksanti kwa chumvi.

Ile habari ya Kalume, nimemuuliza. Anasema hivi, na usome vizuri kwa sababu sitaandika mara mbili.

Mashine uache. Utafute musumeno murefu wa mikono miwili, na gogo ulipandishe juu ya miti, mutu mumoja juu, mutu mumoja chini. Meno ya musumeno yasipanuliwe sana. Kila unga unaoanguka ni mistari inayopotea, na musumeno ukila mingi, kushoto na kulia havitajuana tena. Uvunje betri za redio, uchukue ule unga mweusi, uchovye kamba, upige mustari juu na upige mwingine chini. Ile muti muzito ina joto, kwa hiyo upake musumeno sabuni kavu kila wakati. Muende polepole. Meno yakianza kukosea unasikia kwanza mikononi, inakuwa kama mutu anakunyanganya kitu kwa adabu. Hapo usivute kwa nguvu, ulegeze, umwite wa juu.

Mbao zikitoka uziandike namba kwenye ncha kabla hujazigusa, ili ubao usipotezane na mwenzake. Ncha uzipake mavi ya ngombe zisipasuke. Na uziweke kivulini.

Hayo ndiyo maneno ya Kalume. Yeye ana kazi mingi ya shamba, hawezi kuja.

Nguo zako ufue Posho, kabla ya Yenga, siku ya kusali.

Yaya wako,
Madeleine


Kakoba
23 Machi 2003

Yaya,

Hongera kwa shemasi! Mwambie atembee haraka kidogo, mbinguni kuna foleni.

Nimefanya yote. Msumeno mrefu niliupata kwa mzee mmoja aliyekuwa ameuning'iniza kuku walale juu yake. Betri Meddy alinipa za redio yake, sasa chumbani kuna kimya na mimi nimefurahi. Mimi nikapanda juu, Bob akakaa chini. Yaya, Bob anavuta kama anakokota mbuzi wa mtu. Juu mstari ulikwenda sawa kabisa, nikawa najisifu. Kutazama chini, umetoka nje vidole viwili! Tukasimama hapohapo.

Halafu sabuni ilikuwa imekwisha, nikapaka mawese. Msumeno uliteleza vizuri sana. Ila ubao umekuwa mwekundu, na Topista akija sijui nitamwambia nini.

Mlango wenyewe hautatoka bila mtu wa chini anayejua. Hilo nimeliona. Kwa hiyo mlete Kalume. Semahoro amekubali kumpakia mbele, karibu na dereva, na chakula nitampikia mwenyewe. Mwambie ni siku tatu tu. Na umsifu kwa niaba yangu, sikujua kwamba ni mtu wa maneno mazuri hivyo. Ile ya kunyang'anywa kitu kwa adabu nilimsomea Rwakabuba, akasema, "Huyo anajua."

Adolphe


Juru
21 Aprili 2003, Jumatatu ya Pasaka

Adolphe,

Pasaka njema. Tuliimba mupaka sauti zikakauka, na tulikula nyama.

Mawese! Nani amekuambia mawese? Mawese ni ya kupikia mboga ya sombe. Niliandika sabuni, S-A-B-U-N-I, na ile barua nilikuandikia na akili zangu zote. Yesu wangu! Huo wekundu hautatoka, umeingia. Uombe Mungu uwe umeishia kwenye ubao wa nje tu.

Kalume hawezi kuja. Mugongo wake unamusumbua. Usiniulize tena habari ya Kalume.

Gogo ulifunike na usiliguse. Kila unapoligusa na huyo Bob unaniumiza roho.

Madeleine


Kakoba
11 Mei 2003

Yaya wangu,

Tuko salama. Mvua imenyesha, njia ya kwetu imekuwa matope, Meddy ameanguka na pikipiki mara mbili siku moja na mara zote mbili alikuwa anawapungia wasichana mkono.

Nina mambo mawili. La kwanza ni kosa langu. Nilikuandikia kwamba mashine ilikataa, sikukuandikia kwamba kabla ya kukataa ilikuwa imekula ubao mzuri kuliko zote, wa katikati ya gogo. Niliona haya. Ukijumlisha na ule wa mawese, sasa imebaki fasi moja tu ya kutoa milango. Pasuo moja. Tukikosa hapo, hakuna mti mwingine, na mimi narudi kubeba mbao. Nisamehe kwa kukuficha.

La pili. Alhamisi nilikwenda sokoni kununua ndakala. Muuzaji akainua uso, nani? Kalume! Kalume mwenyewe, na tumbo kubwa, na kofia. Nikamrukia, nikamkumbatia mpaka samaki wakamwagika. Nikamwambia, "Papa Kalume, mgongo umepona?" Akasema mgongo gani, yeye ana mwaka wa tatu hapa Kakoba, na Nakivale hajafika tangu alipopata kadi ya ukimbizi.

Nikamshika mkono mpaka karakana. Akaligusa gogo, akalikalia, na akaanza kucheka. Yaya, alicheka mpaka machozi, mpaka Rwakabuba akatoka ofisini kuona nani anakufa. Nikamwambia tafadhali shika msumeno unionyeshe. Akaushika kinyumenyume! Upande wa mkono alifikiri ndio wa meno. Akasema, "Adolphe, mimi nilikuwa napewa pombe ya mutama kwa kukaa nyumbani na kukopesha koti langu. Umuulize dada yako." Akaenda zake, bado anacheka, na hakuniuzia samaki.

Kwa hiyo nakuuliza, Yaya. Nani alikuwa chini ya msumeno wa Papa?

Adolphe


Juru
15 Juni 2003

Adolphe, mutoto wa mama yangu,

Semahoro amepita hapa mara tatu kuuliza barua, na mara tatu nimemuambia sijamaliza kupepeta maharage. Maharage yalikwisha kupepetwa zamani.

Ni mimi.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na minne. Mutu wa chini wa Papa alikimbilia Kigoma, Papa akabaki na gogo nusu, akaniita nishike upande wa chini jioni moja tu. Jioni moja ikawa miaka sita. Nilivaa suruali na koti ya Kalume na kofia mupaka kwenye macho. Kwetu unajua walivyosema, mwanamuke akiruka musumeno mbao zitapasuka ndani ya nyumba ya mununuzi. Hakuna mutu angenunua, na mimi hakuna mutu angeniposa. Kwa hiyo jina likawa la Kalume, na kazi yangu.

Unanikumbuka nikileta chakula kwa sababu nilipita njiani na kikapo kichwani. Koti lilikuwa ndani ya kikapo, chini ya bugali.

Sasa usikie siri uliyoitafuta. Batu banafikiri fundi ni yule wa juu, kwa sababu ndiye anaonekana. Kwa muti laini ni kweli. Muti muzito unapotea chini, na wa juu haoni. Papa alikuwa ananifuata mimi. Nilikuwa naimba, polepole, na yeye anavuta na wimbo wangu. Nikiona musumeno unataka kutoka kwenye mustari, naacha kuimba, na yeye anasimama. Batu balipita, wakasikia sauti ya mwanamuke shimoni, wakasema angalia ule mutoto anavyomupenda baba yake, anamuimbia. Mimi huko chini na unga kwenye meno, nacheka.

Ile siku milango ya kanisa ilifunguliwa, pasta alimusimamisha Kalume mbele. Balimupigia mikono ya kumusifu. Nilikuwa mustari wa nyuma, nikapiga mikono pia. Nilikasirika, Adolphe. Nikisema sikukasirika nitakuwa naongeza uongo mwingine, na nimekuandikia uongo wa kutosha mwaka huu. Unisamehe na mimi.

Grégoire hajui. Miaka kumi na moja ya ndoa, hajui. Sasa ni shemasi. Muke wa shemasi ndani ya suruali chini ya gogo, mbele ya maaskari na batu ya soko! Sijui kama naweza.

Yaya wako


Kakoba
20 Juni 2003

Yaya!

Nimesoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Meddy akaniuliza nani amekufa, nikamwambia hakuna, ameamka mtu.

Ile milango nimeisifia maisha yangu yote. Nikiwa Baraka niliwaambia wenzangu shuleni kwamba Papa na Kalume ni mafundi wa kwanza Kivu nzima. Naona haya na nafurahi kwa wakati mmoja, sijui niandike kipi kwanza.

Njoo. Rwakabuba amenipa mpaka mwisho wa Julai. Usipokuja sitakulaumu hata kidogo: nitamrudishia Topista gogo lake, nitabeba mbao, na hili neno litabaki kati yetu na huyo mcheka-hovyo wa ndakala. Lakini ukija, sitasema wewe ni mpishi wangu. Wakiniuliza nitajibu wewe ni nani.

Suruali ninayo. Ile uliyonishonea, inayonibana.

Adolphe


Kakoba
10 Agosti 2003

Yaya Madeleine, fundi mkubwa,

Nadhani ulifika salama na viazi havikupondeka. Kifua chako kimepona ule unga?

Uliondoka na lori la Semahoro kabla Topista hajaja, kwa hiyo nakuletea yaliyokupita. Lakini kwanza niache nicheke. Bado namwona Rwakabuba siku ya kwanza, ulipotoka nyuma ya karakana na suruali yangu na kitambaa cha kichwa. "Adolphe, huyo mama anatafuta nani?" Nikasema, "Ndiye mtu wangu wa chini." Akasema, "Ssebo, bwana, usinichezee." Ulichukua msumeno, ukapitisha kidole kwenye meno, ukasema mbele ya wote, "Hii musumeno ilinolewa na nani? Na kijiko?" Bob akajificha.

Siku ile nilijua maana ya kumfuata mtu. Nilipokuwa juu sikuona kitu isipokuwa mstari wa betri na jasho langu. Nilikusikia tu. Wimbo ukienda, naenda. Uliponyamaza pale kwenye fundo, nikasema basi, meza imekwenda. Ukasema kutoka chini, "Usiogope, tulegeze, tupake sabuni." Halafu ukaanza tena ubeti uleule ulipouacha. Siku mbili na nusu kwa pasuo moja, na hakuna mtu karakana nzima aliyefanya kazi yake, wote walikuwa wamekaa kwenye mbao wanakusikiliza.

Na tulipogonga kabari, ubao ukaachana, tukaufungua chini kivulini. Wewe uliona kwanza, kwa hiyo sikuelezei. Nasema tu kwamba sijawahi kukuona ukilia na kucheka hivyo, na mimi nilifurahi pamoja nawe.

Topista alikuja Jumanne na afande Herbert. Nilizisimamisha mbili pamoja ukutani. Akaweka mkoba chini. "Banange! Herbert, angalia, kama bawa na bawa!" Akawa anapitisha vidole kushoto na kulia, anatafuta fasi ambapo havifanani. Hakuipata. Halafu akauliza ni mashine gani ilifanya kazi hii. Nikasema, "Si mashine, mama. Ni dada yangu Madeleine, anakaa Juru, analima maharage." Afande akacheka akidhani ni mzaha. Rwakabuba ndiye aliyemjibu, kwa sauti: "Afande, ni kweli. Mimi niliona kwa macho yangu."

Jioni aliniondolea takataka zake zote mezani, ile ya dirishani. Ninaandika juu yake sasa hivi. Imeyumba mguu mmoja, nitaitengeneza kesho.

Sasa nina hofu moja. Semahoro aliona yote, na Semahoro hana mlango mdomoni. Umemwambia shemeji?

Mdogo wako,
Adolphe


Juru
7 Septemba 2003

Kwa fundi Adolphe, kwenye meza yake,

Tuko bazima. Viazi vilipondeka, tukavila hivyohivyo. Kifua kimepona. Mahindi tunapanda wiki hii, mvua ikitaka.

Sikumuambia. Nilisema nilikuja kukuuguza malaria. Nilikuwa natafuta siku nzuri, na unajua siku nzuri zinavyochelewa. Yenga ile ya kwanza tulipotoka kanisani, Semahoro alikuwa amesimama mulangoni na batu kama kumi na tano, anawaonyesha kwa mikono yake namna nilivyovuta. Alikuwa anaimba na wimbo wangu! Grégoire alikuwa nyuma yangu na kikapo cha sadaka. Alisikia yote, mupaka habari ya Fizi, kwa sababu Kalume alikuwa amemumalizia Semahoro historia nzima sokoni.

Siku ya kwanza alihesabu sadaka, akalala. Ya pili aliniomba chumvi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mingi, ya kujitetea na ya kukasirika, yote mawili, nisijue nitatumia yapi. Siku ya tatu aliniuliza jambo moja tu. Aliuliza, "Ile siku pasta alimusimamisha Kalume, wewe ulikuwa umekaa wapi?" Nikamuambia mustari wa nyuma. Akasema, "Ulipiga mikono?" Nikasema ndiyo. Akatoka nje.

Nikalia kidogo, nikaendelea kumenya muhogo.

Halafu nikasikia jembe. Nikadhani anatengeneza choo. Nikachungulia: alikuwa nyuma ya nyumba, kule kwenye kimuti kimoja kizito kilichokauka, amevua shati ya ushemasi, anachimba. Shimo refu, nyembamba. Lilikuwa limefika magoti yake. Batoto balikuwa bamekaa pembeni, banamutazama.

Nikamuuliza, "Baba Gisèle, hilo ni la nini?"

Akasema, "La kazi yako."

Nikamuambia kazi hiyo inataka batu babili, na mimi hapa ninaye nani? Hakuacha kuchimba. Akasema, "Wewe utakaa juu, batu bakuone. Mimi nitashuka chini."

Adolphe, nimeolewa miaka kumi na moja na sikuwa namujua huyu mutu. Tumeanza jana kukipasua kile kimuti, na musumeno wa kuazima. Anavuta vibaya sana, afadhali Bob, na kuimba hawezi kabisa, lakini anasimama nikimuambia asimame. Utuletee tupa ya kunolea na sabuni mbili kavu. Na mumoja wenu amufundishe kufunga mdomo, amekula unga siku nzima.

Yaya wako,
Madeleine